Kwa Nini Takwimu za Umaskini wa Watoto Hupishana, na Serikali Huupunguza kwa Njia Zipi

Septemba 2022, Idara ya Sensa ya Marekani ilitangaza kwa siku moja takwimu mbili za umaskini wa watoto kwa mwaka 2021. Ya kwanza ilisema asilimia 15.3 ya watoto wa nchi hiyo walikuwa maskini. Ya pili ilisema ni asilimia 5.2 tu, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Watoto ni wale wale, mwaka ni ule ule, na ofisi iliyotoa takwimu ni moja. Hakuna aliyedanganya.

Tofauti ilitokana na kile kilichohesabiwa kuwa kipato. Kipimo rasmi cha Marekani kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii, aliyechukua gharama ya chini kabisa ya chakula cha familia na kuizidisha mara tatu, kwa kuwa wakati huo familia ya kawaida ilitumia karibu theluthi moja ya kipato chake kwa chakula. Mstari huo, ambao tangu hapo hupandishwa tu kufuata bei, hulinganishwa na fedha taslimu ambazo kaya inapata kabla ya kodi. Nafuu za kodi na misaada ya chakula havimo katika hesabu. Kipimo cha pili, kilichoanza kutangazwa mwaka 2011, hujumlisha hivyo vyote, kisha huondoa kodi, gharama za matibabu na nyinginezo zisizoepukika. Mwaka 2021 serikali ilitoa fedha nyingi kwa familia zenye watoto kupitia mfumo wa kodi. Kipimo kimoja kiliziona fedha hizo, kingine hakikuziona.

Msomaji anayekutana na habari za namna hii ana haki ya kushuku kwamba takwimu hupikwa. Lakini mkanganyiko huu ukifuatiliwa hadi chini hufunua jambo ambalo mijadala mingi hulipita: umaskini wa watoto unaweza kushuka kwa nusu ndani ya mwaka mmoja na kurudi ulikokuwa mwaka unaofuata, na kinachouamua mara nyingi ni kifungu cha bajeti kuliko tabia ya wazazi.

Mtoto maskini ni yupi?

Mtoto hana mshahara wala akaunti, kwa hiyo hakuna namna ya kupima kipato chake peke yake. Kinachopimwa ni kaya anayolelewa, na umaskini wa watoto ni sehemu ya watoto wote wa nchi, kwa kawaida wa chini ya miaka 18, wanaoishi katika kaya zilizo chini ya kiwango fulani. Kwa kuwa kaya hutofautiana kwa ukubwa, watakwimu hurekebisha kipato kabla ya kulinganisha. Barani Ulaya mtu mzima wa kwanza huhesabiwa kuwa moja, kila anayemfuata mwenye miaka 14 au zaidi kuwa nusu, na kila mtoto wa chini ya umri huo kuwa 0.3. Wazazi wawili wenye watoto wawili wadogo huhesabiwa kama watu 2.1, kwa kuwa taa inayomulika wawili humulika na wanne, na kodi ya nyumba haiongezeki maradufu watoto wawili wanapozaliwa.

Baada ya hapo ndipo huwekwa mstari, na mistari iko ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya umaskini uliokithiri, inayouliza kama kaya inamudu mahitaji ya msingi kabisa. Benki ya Dunia ilikuwa ikitumia dola 2.15 kwa mtu kwa siku, zikiwa zimerekebishwa ili zinunue kiasi kilekile cha bidhaa katika kila nchi, na kwa mstari huo Benki hiyo pamoja na UNICEF zilikadiria kuwa watoto milioni 333 waliishi katika umaskini uliokithiri mwaka 2022. Juni 2025 mstari ukapandishwa hadi dola 3, na mamilioni ya watu wakaingia katika hesabu ya maskini bila kupoteza chochote siku hiyo. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili, watoto ni zaidi ya nusu ya maskini hao, ingawa ni takriban theluthi moja tu ya watu wote duniani. Sababu yake ni rahisi kuieleza: mtoto anapozaliwa, midomo ya kulisha huongezeka katika kipindi kilekile ambacho mlezi mmoja hupunguza kazi au huiacha kabisa.

Aina ya pili ni umaskini wa kulinganisha, ambao ndio hutumiwa zaidi katika nchi tajiri na ndio huzua maswali mengi. Huu hauulizi kama mtoto ana njaa. Huuliza kama yuko mbali mno na maisha ya kawaida ya wenzake, kama msafiri ambaye bado anatembea lakini msafara umeshamwacha. Umoja wa Ulaya huweka mstari kwenye asilimia 60 ya kipato cha kaya ya katikati, na OECD, umoja wa nchi nyingi zenye uchumi mkubwa, kwenye asilimia 50.

Chukua familia saba zilizopangwa kuanzia ya chini hadi ya juu, zenye kipato cha 40, 50, 60, 100, 120, 200 na 500. Ya katikati ni ya nne, yenye 100, kwa hiyo mstari wa asilimia 60 uko kwenye 60 na familia mbili za mwanzo ni maskini. Sasa ile ya mwisho ikipata 5,000 badala ya 500, mstari hausogei hata kidogo, kwa sababu familia ya katikati bado ina 100. Hapo inaanguka dhana iliyoenea kwamba tajiri mmoja akizidi kutajirika watu wengine wanageuka maskini kwenye karatasi. Lakini uchumi ukiyumba na familia ya katikati ikashuka kutoka 100 hadi 80, mstari hushuka hadi 48, na familia yenye 50 inatoka katika umaskini bila kuongezewa hata senti moja. Jambo hili lilitokea kweli Uingereza baada ya msukosuko wa fedha wa 2008: umaskini wa watoto wa kulinganisha ulipungua kwa sehemu kwa sababu watu wa katikati walirudi nyuma.

Kuna pia vipimo vinavyoacha fedha kando na kuhesabu upungufu wenyewe. Sabina Alkire na James Foster walibuni njia ya aina hiyo, na tangu 2010 Umoja wa Mataifa hutoa faharasa inayotumia viashiria kumi, vikiwemo lishe, mahudhurio ya shule, maji safi, choo na nishati ya kupikia. Anayekosa theluthi moja au zaidi ya viashiria hivyo, kwa uzito vilivyopewa, huhesabiwa kuwa maskini. Kubishana ni kipimo kipi kati ya hivi vyote kilicho sahihi ni kupoteza muda. Kila kimoja kinajibu swali lake, na tatizo huanza pale mwanasiasa anapochagua jibu kabla ya kutuambia swali.

Fedha mkononi

Njia ya haraka kuliko zote ya kupunguza umaskini wa watoto ni kuzipa kaya zao fedha. Hufanyika kwa sura mbili: posho inayolipwa moja kwa moja kwa mlezi, au nafuu ya kodi kwa mzazi mwenye mtoto. Sura hii ya pili ina mtego. Nafuu ya kawaida hupunguza kodi unayodaiwa, na asiyedaiwa kodi kwa sababu kipato chake ni kidogo hana cha kupunguziwa. Hivyo msaada wa watoto unawafikia wa katikati na kuwaruka walio chini kabisa. Kwa miaka mingi nafuu ya watoto ya Marekani ilikuwa na kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo liliiongeza kutoka dola 2,000 hadi 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 3,000 kwa wakubwa zaidi, likaruhusu hata mzazi asiye na kipato chochote aipate yote, na nusu yake ikalipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa kile kipimo cha pili, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2. Bunge halikuendeleza mpango huo. Mwaka 2022 kiwango kikawa asilimia 12.4.

Kanada ina hadithi inayofanana, ingawa ya polepole zaidi. Mwaka 1989 Bunge lake lilipitisha kwa kauli moja azimio la kutokomeza umaskini wa watoto kufikia 2000; azimio halikuwa na fedha nyuma yake, na mwaka 2000 ulipita. Julai 2016 serikali iliunganisha posho zilizokuwepo kuwa moja, isiyokatwa kodi, inayokuwa kubwa kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo. Kwa mstari rasmi wa nchi hiyo, kiwango kilishuka kutoka asilimia 16.3 mwaka 2015 hadi 4.7 mwaka 2020, kikisaidiwa mwaka huo na misaada ya muda ya UVIKO-19, kisha kikapanda hadi 9.9 mwaka 2022 misaada hiyo ilipokwisha na bei zilipopaa.

Afrika Kusini ilianza 1998 kwa randi 100 kwa mwezi kwa watoto wa chini ya miaka saba. Umri umepandishwa hatua kwa hatua hadi 18, na leo ruzuku hiyo inawafikia zaidi ya watoto milioni 13. Ubora wake mmoja hausifiwi vya kutosha: fedha hulipwa kwa mlezi mkuu, yaani yule anayeishi na mtoto na kumhudumia, awe mama, bibi, shangazi au mtu asiye ndugu. Katika nchi ambayo watoto wengi hulelewa mbali na wazazi waliokwenda kutafuta kazi, kuamua kwamba fedha humfuata mtoto kulikuwa na maana kubwa kuliko kiasi chenyewe, ambacho bado kiko chini ya mstari wa umaskini wa chakula wa nchi hiyo hiyo.

Kila mpango wa aina hii hukutana na malalamiko yale yale. La kwanza ni kwamba fedha zitaishia kwenye pombe na sigara. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na kukuta kwamba, kwa ujumla, matumizi ya vitu hivyo hayakuongezeka kwa maana yoyote, na mara nyingi yalipungua. La pili ni kwamba watu watazaa ili walipwe. Tathmini ya ruzuku ya watoto ya Zambia haikukuta ongezeko la uzazi. Ushahidi wa kuvutia zaidi uko Poland, ambako tangu 2016 serikali ililipa zloti 500 kwa mwezi kwa kila mtoto wa pili na kuendelea, ikitaka waziwazi watu wazae. Mwaka 2019 ikawajumuisha watoto wote, na mwaka 2024 ikapandisha hadi 800. Umaskini wa watoto ulipungua, lakini idadi ya watoto wanaozaliwa, baada ya kupanda kidogo kwa muda mfupi, iliendelea kushuka. Serikali iliyolipa kwa makusudi ili watoto waongezeke haikuwapata.

Lalamiko la tatu, kwamba posho huwafanya watu waache kazi, lina mzizi wa kweli, ingawa mzizi huo uko katika hesabu za posho zenyewe. Nchini Uingereza kaya inayopokea Universal Credit, msaada mkuu wa serikali kwa kaya zenye kipato kidogo, hupunguziwa peni 55 za msaada kwa kila pauni inayochumwa juu ya kiwango kilichoruhusiwa. Mama anayeongeza saa za kazi anabaki na peni 45, na kutoka hapo analipa nauli na mtu wa kumlelea mtoto. Akikokotoa na kuona hakuna faida, amekokotoa vizuri. Na ikumbukwe kwamba katika nchi hiyo watoto wengi walio katika umaskini wanaishi na mtu mzima anayefanya kazi, jambo linaloifanya hoja ya uvivu iwe ngumu kuisimamisha.

Kwa upande mwingine, wanaotetea posho huahidi kupita kiasi. Fedha hupunguza umaskini kwa sababu umaskini umepimwa kwa fedha. Kama zinabadilisha ukuaji wa mtoto ni swali jingine. Utafiti uliofuatilia mpango wa zamani wa vocha za chakula wa Marekani ulikuta kwamba waliofikiwa nao kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa na afya bora ukubwani. Lakini jaribio jipya la huko huko, ambalo akina mama 1,000 waligawanywa kwa kura, wengine wakipewa dola 333 kwa mwezi na wengine 20, halikuonyesha tofauti ya maana katika ukuaji wa akili wa watoto walipofikia miaka minne. Inawezekana faida huchelewa, inawezekana kiasi kilikuwa kidogo. Ninavyoona, mtoto aliyekula vizuri kwa miaka minne ameshapata kitu, hata kama mtihani haukukiona.

Nani apewe?

Hapa ndipo ugumu wote ulipo, na ndipo wananchi hugombana na wenyeviti wa mitaa. Bajeti ikiwa ndogo, busara ya kawaida husema wapewe maskini tu. Lakini katika nchi ambako watu wengi wamejiajiri na hawana hati za mshahara, serikali haijui nani ana kipato gani. Badala yake mdadisi hufika na dodoso na kutazama dalili: paa la bati au la nyasi, sakafu ya saruji au ya udongo, idadi ya watu kwa chumba, chanzo cha maji, redio, mifugo, elimu ya mkuu wa kaya. Kila jibu lina alama, kompyuta hujumlisha, na walio chini ya kikomo huandikishwa. Sasa fikiria mjane aliyeachiwa nyumba ya bati na sakafu ya saruji na mume aliyekuwa na ajira. Kipato kilikatika siku ya mazishi, lakini bati halikuondoka. Alama zinasema anajiweza. Watafiti waliopima mbinu hii kwa data za nchi tisa za Afrika walikuta kwamba huzuia wengi wasiostahili, kwa gharama ya kuwaacha nje maskini wengi wanaostahili.

Ndiyo sababu baadhi ya nchi huamua kuwapa watoto wote, au wote wa umri fulani. Gharama ni kubwa, na matajiri nao hupata, ingawa wanaweza kurudisha sehemu kupitia kodi. Anayepinga kwa kusema fedha zinapotea kwa wasiohitaji ana hoja. Aweke tu kwenye mizani upande wa pili, yaani mshahara wa wadadisi, rufaa, rushwa ndogondogo za kuingizwa kwenye orodha, na yule mjane.

Kuna pia suala la masharti. Meksiko mwaka 1997 na Brazili kwa Bolsa Família mwaka 2003 zilifungamanisha fedha na mahudhurio ya shule na kliniki, na mipango mingi duniani, ukiwemo wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini nchini Tanzania, ilichukua mkondo huo. Je, masharti ndiyo yanayofanya kazi, au fedha? Jaribio lililofanyika wilayani Zomba, Malawi, lilijibu kwa namna ambayo hakuna upande uliofurahi. Wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule waliacha shule kwa kiwango kidogo zaidi kuliko waliopewa bila sharti. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi katika kundi lisilo na sharti, kwa sababu waliokuwa wameshaacha shule waliendelea kupata fedha na hawakulazimika kutafuta wa kuwatunza. Sharti lilisaidia waliobaki darasani na kuwaacha wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Njia zisizo za fedha

Huduma za bure hupunguza umaskini ambao vipimo vya kipato havioni. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka darasani, na hakuna hata kaya moja iliyohesabiwa kuwa na kipato kikubwa zaidi kwa sababu hiyo. India, baada ya amri ya Mahakama ya Juu ya Novemba 2001 iliyotaka shule za serikali zitoe chakula kilichopikwa, inalisha watoto zaidi ya milioni 100. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 malezi ya mchana kwa dola 5 kwa siku, na akina mama wengi wakaingia kazini; hiyo ni huduma iliyogeuka kipato. Kima cha chini cha mshahara nacho husaidia, ila tu kwa mwenye mwajiri.

Kinachobaki ni namna ya kuifunga serikali kwa ahadi yake. Mwaka 1999 Tony Blair aliahidi kutokomeza umaskini wa watoto Uingereza ndani ya kizazi kimoja. Sheria ya 2010 ikaweka shabaha ya kufikia 2020, na mwaka 2016 serikali nyingine ikazifuta shabaha hizo. Mwaka uliofuata ikaanza kutumika sheria ya kutolipa msaada kwa mtoto wa tatu na kuendelea, ambayo serikali ya sasa ilitangaza Novemba 2025 kuwa itaiondoa kuanzia Aprili 2026. New Zealand mwaka 2018 ilichagua njia tofauti kidogo: sheria yake inataja vipimo kumi na kuilazimisha serikali kueleza, kila inaposoma bajeti, bajeti hiyo inafanya nini kwa watoto maskini. Scotland, kwa sheria yake ya 2017, ilijiwekea shabaha ya muda ya asilimia 18 kwa mwaka wa 2023/24, ikaanzisha posho yake yenyewe ambayo sasa inazidi pauni 25 kwa wiki kwa mtoto, na bado ikaishia kwenye asilimia 22. Sheria ilikuwa imeona mbali kidogo: mawaziri wanapokosa shabaha hawaadhibiwi, lakini ni lazima waliandikie Bunge sababu za kuikosa.